Kusimika na Kusanidi Moduli za Kumbukumbu ya Kudumu kwenye Seva: Mwongozo Kamili wa Intel Optane Mfululizo wa 100

Moduli za Intel Optane, ambazo ziliingia sokoni Aprili 2019 pamoja na vichakataji vya Xeon Scalable vya kizazi cha pili, hukaa kwenye sloti ileile ya DDR4 inayobeba RAM ya kawaida, lakini hubaki na data hata umeme unapokatika. Julai 2022 Intel ilitangaza kwamba inaifunga biashara hiyo, na tangu hapo moduli nyingi zimekuwa zikitoka kwenye vituo vikubwa vya data na kuuzwa kama mitumba kwa bei iliyo chini sana ya ile ya awali. Mnunuzi wa leo basi mara nyingi hupata vifaa bila kitabu cha maelekezo, na pengine vikiwa bado na mipangilio ya mmiliki wa kwanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa namna hiyo. Mfano unaotumika ni seva yenye vichakataji viwili, kila kimoja kikiwa na vipande 6 vya DRAM (yaani RAM ya kawaida) vya GB 32 na moduli 6 za Optane za GB 128, na mfumo endeshi ni Linux.

Amua kwanza unataka nini

Kabla ya kufungua kifuniko cha seva, amua moduli zitafanya kazi katika hali ipi, kwa kuwa uamuzi huo ndio unaoongoza idadi ya vipande, uwiano wake na DRAM, na hata programu utakazoweza kuendesha.

Hali ya kwanza huitwa Memory Mode. Hapa Optane hugeuka kuwa kumbukumbu kuu ya mashine, na DRAM yote hutumika kama kache ambayo mfumo endeshi hauioni. Seva ya mfano wetu itaonyesha takriban TB 1.5, wala si jumla ya Optane na DRAM. Programu hazihitaji kubadilishwa hata kidogo, na hilo ndilo linalowavutia wengi. Hata hivyo, katika hali hii data haidumu: kila seva inapozimwa na kuwashwa, ufunguo wa usimbaji fiche wa sehemu hiyo hubadilishwa na yaliyokuwamo hayasomeki tena. Anayenunua Optane ili data yake isalie baada ya umeme kukatika, kisha akachagua Memory Mode, amenunua RAM yenye mwendo wa polepole.

Hali ya pili ni App Direct. Humo DRAM hubaki kuwa RAM, na Optane huonekana pembeni kama hifadhi ambayo programu yaweza kuisoma na kuiandikia baiti kwa baiti, bila kupitia njia ndefu ya diski. Hii ndiyo hali ya kudumu kweli, na ndiyo inayotumiwa na hifadhidata kama SAP HANA. Hali ya tatu ni mchanganyiko, ambapo asilimia fulani ya kila moduli hutengewa Memory Mode na iliyobaki App Direct. Binafsi siipendekezi kwa seva ndogo, kwani ugumu wake katika utunzaji ni mkubwa kuliko faida yake.

Kuhusu kasi, usitarajie miujiza: usomaji wa nasibu kutoka Optane huchukua takriban nanosekunde 300, wakati DRAM huchukua karibu 100. Ikilinganishwa na diski ya NVMe, inayohesabiwa kwa makumi ya mikrosekunde, tofauti ni kubwa mno kwa upande wa faida.

Kagua ulinganifu kabla ya kununua

Mfululizo wa 100 hufanya kazi na Xeon Scalable wa kizazi cha pili pekee. Mfululizo wa 200 ni wa kizazi cha tatu, na wa 300 ni wa kizazi cha nne. Umbo la moduli ya mfululizo wa 100 na ya 200 linafanana kiasi kwamba yaweza kuingia kwenye sloti isiyo yake vizuri kabisa, lakini seva haitaitambua. Soma lebo na namba ya bidhaa, usiamini picha ya tangazo.

Si kila kichakataji cha kizazi cha pili kinachokubali Optane. Familia za Platinum 8200, na Gold 6200 na 5200, kwa jumla zinakubali, ilhali Bronze haikubali na Silver karibu zote hazikubali, isipokuwa 4215. Kuna pia kikomo cha jumla ya kumbukumbu kwa kila kichakataji: herufi M mwishoni mwa namba huruhusu hadi TB 2, na herufi L hadi TB 4.5. Mfano wetu una GB 192 za DRAM na GB 768 za Optane kwa kila kichakataji, yaani GB 960, kwa hiyo vichakataji visivyo na herufi hizo vinatosha. Ukitaka moduli za GB 512, hesabu hiyo ifanyike kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kila kichakataji cha familia hii kina vidhibiti viwili vya kumbukumbu, kila kidhibiti kina chaneli tatu (njia za data za kwenda kwenye kumbukumbu), na kila chaneli kwa kawaida ina sloti mbili. Kanuni zake ni hizi: chaneli moja hubeba moduli moja tu ya Optane, kila kidhibiti lazima kiwe na angalau kipande kimoja cha DRAM, moduli zote za Optane katika mashine ziwe za ukubwa mmoja, na DRAM za RDIMM zisichanganywe na za LRDIMM, ambazo ni aina mbili tofauti za vipande vya RAM ya seva. Kwa Memory Mode, uwiano wa DRAM kwa Optane unaopendekezwa ni kati ya 1:4 na 1:16, na kadiri DRAM inavyopungua ndivyo kache inavyoshindwa kazi. Mfano wetu una 1:4, ambao ni mzuri kwa hali zote mbili. Kumbuka pia kwamba DRAM ya kasi ya 2933 MT/s itashuka hadi 2666 mara Optane za mfululizo huu zinapowekwa, kwa sababu hiyo ndiyo kasi yake ya juu.

Mwisho ni umeme na joto. Moduli moja yaweza kula hadi wati 18, mara kadhaa ya kipande cha kawaida cha DRAM. Moduli 12 zinahitaji nafasi ya zaidi ya wati 200 kwenye kigavi umeme cha seva (PSU) na kwenye hesabu ya UPS, na feni za seva ziwe zile zenye nguvu ambazo mtengenezaji amezitaja kwa usanidi wa Optane.

Kusimika moduli

Anza kwa kusasisha BIOS na programu dhibiti ya kidhibiti cha mbali cha seva huku mashine ikiwa bado na DRAM yake ya zamani. BIOS ya zamani isiyoijua Optane yaweza kukataa kuwaka kabisa baada ya moduli kuwekwa, na hapo utalazimika kuzitoa tena. Programu dhibiti ya moduli zenyewe ichukuliwe kwa mtengenezaji wa seva, kwani hutolewa ikiwa imejaribiwa pamoja na toleo maalumu la BIOS.

Zima seva, chomoa nyaya zote mbili za umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Vaa mkanda wa kuzuia umemetuli na uufunge kwenye chuma cha kasha. Ondoa kifuniko cha plastiki kinachoelekeza hewa, ukitazama kilivyokaa, kwa maana kisiporudi sawasawa moduli za nyuma zitapata joto kali.

Tafuta kwenye mwongozo wa bodi mama jedwali la upangaji wa kumbukumbu. Usikisie kwa rangi za sloti, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani kuhusu rangi wala kuhusu majina. Mmoja huandika A1 na A2, mwingine huhesabu kutoka 1 hadi 12. Kwa mpangilio wa mfano wetu, kila chaneli hupata DRAM moja na Optane moja, na jedwali litakuambia ipi ikae sloti ipi. Vichakataji vyote viwili vipangwe kwa namna ileile.

Kabla ya kusukuma moduli, andika namba yake ya mfululizo pamoja na jina la sloti inayoingia. Karatasi hiyo itakuokoa siku utakapohamisha moduli kwenda bodi nyingine. Fungua vifungio vya pande zote mbili, linganisha pengo la moduli na kinundu cha sloti, kisha sukuma kwa vidole gumba viwili kwenye ncha zote kwa nguvu sawa mpaka vifungio vifunge vyenyewe kwa mlio. Optane ina kifuniko cha chuma cha kutawanya joto na ni nzito kuliko DRAM, hivyo huhitaji mkono thabiti zaidi, usiisukume katikati. Sloti zinazobaki wazi zijazwe vipande bandia vya plastiki ikiwa seva ilikuja navyo, kwa sababu vinasaidia mwelekeo wa hewa.

Washa mashine na uwe na subira. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa tupu, kwa sababu BIOS inaipima kila chaneli upya. Fundi asiyelijua hilo huizima mashine katikati ya zoezi, kisha huanza kutafuta hitilafu isiyokuwapo. Ingia BIOS, hakikisha seva inawaka kwa UEFI, na thibitisha kwamba moduli zote 12 zinaonekana.

Ukaguzi wa kwanza kwenye Linux

Sakinisha zana tatu: ipmctl, ambayo huzungumza na moduli zenyewe, na ndctl pamoja na daxctl, ambazo husimamia kile ambacho kiini cha Linux (kernel) kinakiona. Kisha, ukiwa na mamlaka ya root:

ipmctl show -topology
ipmctl show -dimm

Kila moduli itatajwa kwa kitambulisho kama 0x0001 au 0x1121. Tarakimu hizo zina maana, na inafaa kuzijua: ya kwanza ni kichakataji, ya pili kidhibiti, ya tatu chaneli, na ya nne nafasi ndani ya chaneli. Kwa hiyo 0x1121 ni moduli iliyo kwenye kichakataji cha pili, kidhibiti cha pili, chaneli ya tatu, kwani hesabu huanzia sifuri. Moduli ikikosekana kwenye orodha, utajua mara moja ni sloti ipi ya kwenda kuikagua.

Moduli ya GB 128 huonyeshwa kama GiB 126.4, na huo si upungufu. Safu ya afya isomeke Healthy. Safu ya ufungaji isomeke Disabled. Ikisomeka Locked, mmiliki wa kwanza aliweka nywila, na bila nywila hiyo huwezi kuisoma data. Muulize muuzaji kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Tazama pia umri uliobaki:

ipmctl show -sensor

Katika orodha ndefu itakayotoka, PercentageRemaining ndiyo inayoeleza uchakavu, na LatchedDirtyShutdownCount huhesabu mara ambazo moduli ilizimika bila kumaliza kuandika. Ziandike thamani hizo leo ili uwe na cha kulinganisha baadaye.

Ikiwa matoleo ya programu dhibiti yanatofautiana kati ya moduli, yasawazishe kwa faili ya mtengenezaji wa seva, kisha washa upya:

ipmctl load -source faili.bin -dimm

Kuweka hali ya kazi

Kabla ya hatua hii, fahamu kwamba amri ya kuweka lengo jipya hufuta mgawanyo wote uliokuwapo, na data iliyokuwamo huondoka nao. Kama moduli zinatoka kwenye seva yako nyingine na zina kitu cha thamani, nakili kwanza.

Kwa App Direct:

ipmctl create -goal PersistentMemoryType=AppDirect

Kwa Memory Mode:

ipmctl create -goal MemoryMode=100

Zana itaonyesha mgawanyo inaoupendekeza na kuuliza kama uendelee. Soma jedwali hilo kwa makini kabla ya kujibu y. Lengo halitekelezwi papo hapo. Huandikwa kwenye moduli na kusubiri BIOS ilitekeleze mashine inapowashwa upya. Ukibadili nia kabla ya hapo, `ipmctl delete -goal` hulifuta bila madhara. Ikiwa zana inakataa kwa madai kwamba kuna maeneo (namespace, yaani sehemu za Optane zilizoandaliwa kutumika) yaliyokwishaundwa, yaondoe kwanza kwa `ndctl destroy-namespace -f` ikifuatiwa na jina la eneo.

Baada ya kuwasha upya, aliyechagua Memory Mode anahitaji amri mbili tu, `free -g` na `ipmctl show -memoryresources`, na kazi yake imekwisha. Aliyechagua App Direct ana safari zaidi.

ipmctl show -region

Mfano wetu utaonyesha kanda mbili, moja kwa kila kichakataji, kila moja ikiwa na GiB 756. Moduli sita za kila upande zimefumwa pamoja, yaani data hugawanywa vipande vya KB 4 na kuzungushwa kwenye moduli zote sita ili kasi zao zijumlishwe. Faida hiyo ina gharama yake: moduli moja ikifa, ukanda wote hupotea. Lipo chaguo la AppDirectNotInterleaved linaloifanya kila moduli ijitegemee, lakini kasi hushuka sana. Kwa kazi nyingi napendelea ufumaji pamoja na nakala rudufu za uhakika kwenye mashine nyingine.

Kuunda maeneo na mfumo wa mafaili

Ukanda peke yake hautumiki mpaka uundiwe eneo:

ndctl create-namespace --mode=fsdax --region=region0
ndctl create-namespace --mode=fsdax --region=region1

Majibu yatasema GiB 744.19 badala ya 756. Zilizopungua hazikuibwa. Kiini cha Linux hutunza rekodi ya baiti 64 kwa kila ukurasa wa KB 4, na kwa chaguo la kawaida la `--map=dev` rekodi hizo hukaa kwenye Optane yenyewe. Ungeandika `--map=mem` zingekaa kwenye DRAM, na hapo kila upande ungepoteza karibu GiB 12 za DRAM, bei kubwa kwa mashine yenye GB 192 tu upande huo.

Zipo aina nyingine za maeneo. Aina ya sector huifanya Optane iwe kama diski ya kawaida yenye uhakika wa kuandika sekta nzima au kutoandika kabisa, na inafaa kwa programu za zamani. Aina ya devdax haina mfumo wa mafaili. Programu huikamata moja kwa moja. Tangu kiini cha 5.1 eneo la devdax laweza kugeuzwa kuwa RAM ya ziada:

daxctl reconfigure-device --mode=system-ram dax0.0

Kwa njia hiyo DRAM na Optane zote huonekana, kila moja kama nodi yake ya NUMA (kundi la kumbukumbu ambalo Linux hulitambua peke yake), na tangu toleo la 5.15 Linux yaweza kuhamishia kurasa zisizotumika sana upande wa Optane. Anayetaka RAM nyingi kwa bei nafuu kwenye Linux ya kisasa aifikirie njia hii kabla ya Memory Mode, kwa kuwa DRAM yake haipotei kwenye kache.

Kwa fsdax, aina inayobeba mfumo wa mafaili wenye DAX (njia ya kufikia Optane moja kwa moja bila kupitia kache ya kurasa), tunaendelea hivi:

mkfs.ext4 /dev/pmem0
mkdir -p /mnt/pmem0
mount -o dax /dev/pmem0 /mnt/pmem0

Ukipenda XFS, kwenye viini vya zamani ongeza `-m reflink=0` wakati wa kuunda, kwa sababu kipengele hicho na DAX havikuelewana kwa miaka mingi. Hakikisha DAX imewaka kweli:

mount | grep pmem
dmesg | grep -i dax

Usipoliona neno dax kwenye mstari wa kwanza, mafaili yatafanya kazi lakini yatapitia kache ya kurasa kwenye DRAM, na utakuwa umeilipia Optane bila kuipata. Katika /etc/fstab tumia UUID (kitambulisho cha kudumu cha mfumo wa mafaili) badala ya /dev/pmem0, kwa sababu namba hizo huweza kubadilika.

Kwenye Windows Server 2019 njia ni fupi zaidi. Baada ya lengo kuwekwa na mashine kuwashwa upya, `Get-PmemUnusedRegion | New-PmemDisk` huunda diski, nawe huiandaa kwa NTFS ukitumia `Format-Volume` yenye chaguo la `-IsDAX $true`.

Kujaribu udumifu

Nakili faili kubwa kwenye /mnt/pmem0, endesha `sync`, chukua alama yake kwa `sha256sum`, kisha zima seva na uchomoe umeme kabisa. Ikirudi, alama iwe ileile. Kwa seva ambayo bado haina data ya mtu, rudia zoezi hilo kwa kukata umeme ghafla, na baadaye utazame kama hesabu ya uzimikaji mchafu (LatchedDirtyShutdownCount) imepanda.

Elewa hata hivyo mpaka wa ulinzi huo. Katika mfululizo wa 100, umeme unapokatika, mashine huhakikisha kwamba maandishi yaliyokwisha kufika kwenye foleni ya kidhibiti cha kumbukumbu yanaingia ndani ya moduli. Yaliyo bado kwenye kache ya kichakataji hayamo katika ahadi hiyo, na ni wajibu wa programu kuyasukuma nje kwa maagizo kama CLWB na SFENCE, au kwa maktaba za PMDK zinazofanya hivyo kwa niaba yake. Programu isiyoijua Optane, ikiandika kwa kumbukumbu moja kwa moja bila hatua hiyo, yaweza kupoteza data ya sekunde za mwisho. Kwa hiyo UPS haiachwi, hasa kwetu ambako umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kwa muda mfupi.

Kwa uangalizi wa kila siku, `ndctl list -DH` huonyesha afya na joto, na `ndctl list --media-errors` huonyesha sehemu zilizoharibika. Ziweke kwenye mfumo wako wa ufuatiliaji.

Asiye na Optane mkononi aweza kujifunza hatua za ndctl kwa kutenga kipande cha DRAM. Kwenye mashine yenye GB 16 au zaidi, ongeza kwenye vigezo vya kiini neno `memmap=4G!12G`, ambalo huchukua GB 4 kuanzia GB 12 na kuzionyesha kama /dev/pmem0. Kwenye ganda la bash lizungushie alama za nukuu moja, si mbili, la sivyo alama ya mshangao itatafsiriwa vingine. Data humo haitadumu, na ipmctl haitaona kitu.

Kuhamisha au kuuza moduli

Moduli zilizofumwa pamoja huhama pamoja, na hukaa kwenye bodi mpya ya aina ileile katika sloti zinazolingana na za zamani, ndiyo maana ya ile karatasi ya namba za mfululizo. Kabla ya kuzing'oa, hifadhi nakala ya usanidi:

ipmctl dump -destination usanidi.csv -system -config

Unapoziuza, kufuta mafaili hakutoshi. Ondoa maeneo, zima kanda na moduli kwa `ndctl disable-region` na `ndctl disable-dimm`, kisha kwa kila moja endesha:

ndctl sanitize-dimm --crypto-erase nmem0

Amri hiyo huuharibu ufunguo wa usimbaji na kuifanya data yote isisomeke. Ikijibu kwamba usalama umegandishwa, BIOS ndiyo iliyoufunga wakati wa kuwaka, na ufutaji itabidi ufanywe kutoka kwenye menyu ya BIOS yenyewe, moduli kwa moduli.